Kunguru Aliyekaribishwa Siku Tatu

Mwezi uliopita nilirudi Garissa kwa harusi ya mpwa wangu. Asubuhi ya kwanza niliketi katika hoteli moja karibu na daraja, nikaagiza anjera na chai ya maziwa ya ngamia. Sijamega hata kipande cha pili, kunguru akatua juu ya kiti kilichokuwa mbele yangu. Akanitazama kwa jicho moja, akageuza kichwa, akanitazama kwa la pili. Mhudumu akaja mbio akipunga sinia.

"Pole madam," akasema. "Hawa ni wa hapa hapa, tumewazoea."

Nilicheka hadi chai ikanipalia. Wa hapa hapa! Yule kijana alikuwa na meza nyingi za kupanguza, sikutaka kumchelewesha. Lakini wewe una nafasi, kwa hiyo kaa nikueleze. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu si wa hapa kabisa. Wa kwanza wao ninamjua. Alikula kiamsha kinywa nyumbani kwetu, na sahani yake niliibeba mimi.

Tuliishi mtaa ulio nyuma ya soko la mifugo, mimi na nyanya yangu, ambaye nilimwita ayeyo kama watoto wote wa Kisomali wanavyowaita nyanya zao. Baba alikuwa Mandera akifanya biashara ya kuvuka mpaka, akija kwetu kila alipopata lori, na tende na vitambaa mkononi. Ayeyo alikuwa mtu wa nyika. Alizaliwa nyuma ya ngamia na akazeeka nyuma ya ngamia, mpaka ukame ukawamaliza na yeye akaingia mjini kwa miguu. Katika mali yake yote alibakiwa na mikeka, kengele moja ya mti na hori la kunyweshea mifugo. Hori hilo lilichongwa kutoka gogo moja, refu kama kitanda cha mtoto, na ukingo wake ulikuwa laini kwa kusuguliwa na shingo za wanyama.

Mama yangu, alipokuwa msichana, alinyweshea mbuzi katika hori hilo. Alifariki wiki niliyozaliwa. Hakuacha picha, maana nani alikuwa na kamera huko kwao? Ayeyo aliliweka hori chini ya mgunga uliokuwa katikati ya ua wetu, akanuia kwamba halitakauka akiwa hai. Ndege watakunywa, na thawabu zake zimfikie binti yake. Nilipopata nguvu za kuinua jagi, kazi ikawa yangu. Kila asubuhi, nikiwa bado na tongotongo, nilisikia sauti ileile: "Nenda mpe mama yako maji."

Watoto wengine walikuwa na mama wa kuwasuka nywele. Mimi nilikuwa na mama wa kumpelekea maji, na wallahi sikujiona nimepungukiwa.

Maji yenyewe yalitoka mto Tana, yakaletwa na mkokoteni wa punda yakiwa ya rangi ya chai. Tuliyaacha kwenye pipa yatulie, na yale ya juu, masafi, yalikwenda kwenye hori kabla hatujachota ya kunywa sisi. Kandoni mwake nilimwaga makombo ya anjera na punje za mahindi zilizofagiliwa jikoni. Halafu nilikaa kizingitini na chai yangu kutazama. Walitangulia tetere, wakitembea kwa madaha kama wake wa wafanyabiashara, na sauti zao za kooni. Wakafuata kwezi, mgongo buluu unaong'aa na tumbo rangi ya kutu, wenye kelele nyingi kuliko umbo lao. Wa mwisho walikuwa ndege wadogo wanaosuka viota, ambao walining'iniza nyumba zao kwenye matawi ya mgunga huohuo. Wakati mwingine alipita kunguru wetu wa asili, yule mwenye fulana nyeupe kifuani, akanywa, akaenda zake. Huyo alikuwa na adabu.

Majirani walitucheka. Watu wa kwetu hawakuwa na habari na vyenye mabawa. Mali ni yenye kwato. "Ukoo wa ngamia sasa unachunga ndege!" walisema. Ayeyo hakuwa mtu wa kuchekwa akanyamaza. Aliwajibu kwamba ngamia wake wako mbele ya haki, na walioko hai ni hawa, kwa hiyo anachunga walio hai.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini. Ng'ambo ya mpaka vita vilikuwa vimewaka, na watu walikuwa wakimiminika kwenye kambi za Dadaab. Malori ya chakula yalipanda kutoka bandari ya Mombasa, yakapita Garissa mchana kutwa, na mahindi yakidondoka kutoka kwenye magunia yaliyotoboka. Siku moja lori liliharibika karibu na nyumba yetu. Juu ya turubai lake alikuwa amekaa ndege ambaye sisi hatukuwahi kumwona: mwembamba, mweusi, shingo ya kijivu, mdomo umeachama kwa kiu. Aliruka akatua juu ya ua wetu. Akainamisha kichwa mara kadhaa, kama anayetoa salamu.

Jirani yetu alikuwa akianika nguo upande wa pili. Alikuwa mwenyeji wa Mombasa aliyeolewa na dereva wa malori, mwanamke mwenye kicheko kikubwa na mkono wa kupika. Alipomwona yule ndege aliangusha kanzu aliyokuwa akiikung'uta.

"Nyanya, huyo usimpe kitu!" alisema. "Huyo sisi twamjua. Ukimpa leo, kesho yuaja na ukoo wake wote."

Ayeyo alikuwa hodari wa Kisomali na mkali wa Kiswahili, yaani alikisema kwa ukali bila kujali sarufi, na pahali kwake ikawa bahali. "Abaayo, dada yangu, wacha," akasema. "Hii ametoka mbali. Amekuja bahali yangu na kiu. Mgeni ni siku tatu, hata kama ni ndege."

Hapo ndipo lilipofanyika kosa ambalo nina hakika halijapata kufanywa na watu wengine popote duniani. Ayeyo alimpa kunguru haki ya mgeni. Kwetu mgeni hula na kulala siku tatu kabla hajaulizwa shida yake, na ayeyo hakuona sababu ya kubagua. Nilitumwa nimpelekee nyama ya mbuzi iliyokatwakatwa, kwenye sahani ya bati, na maji yake mwenyewe katika bakuli. Akala. Siku ya pili akawa na mwenziwe. Siku ya tatu mwenziwe akaja na wenziwe. Ilipofika siku ya nne, ayeyo alisimama uani na fimbo yake akawaambia kwa Kisomali safi kwamba muda wa ugeni umekwisha, waeleze shida yao au waende. Hawakueleza na hawakwenda. Jirani yetu alikuwa ameshika tumbo nyuma ya ua, hana mbavu.

Usidhani mambo yaliendelea kuwa ya kuchekesha. Baada ya miezi michache walikuwa wengi hata mgunga ukaonekana mweusi. Waliiba sabuni, waliiba mwiko, walinyofoa mkia wa paka wa watu. Waliokota utumbo na mifupa kule kwenye machinjio na kuja kuilowesha katika hori, kwa sababu kunguru huyu hupenda chakula chake kiwe laini. Nilikuta maji yana damu na mafuta yanaelea. Nikayamwaga, nikasugua kwa mchanga, nikajaza mengine. Kabla sijamaliza chai yangu yamechafuka tena. Kisha wakaanza kuingia kwenye viota. Walichomoa mayai, walichomoa makinda, moja moja, huku wazazi wakilia matawini. Kwezi wakahama. Tetere wakawa wanapita juu bila kutua. Asubuhi zetu zikabaki na sauti moja tu, ile ya kukwaruza, na mimi nilianza kuamka nikiwa na uchungu moyoni.

Sokoni mtu mmoja alifanya mzaha kwamba kunguru hawa nao ni wakimbizi, waandikishwe Dadaab wapewe mahindi. Watu wakacheka. Ayeyo hakucheka, alikuwa na ndugu zake wa damu katika zile kambi. "Mtu amekimbia bunduki," akamwambia. "Hii amekimbia nini? Usichanganye binadamu na hii." Yule bwana alinunua sukari yake akaondoka.

Mimi nilikuwa na swali langu, na nililipeleka kwa maalim wa madrasa tulipokuwa tukiosha mbao zetu za kuandikia. Nilimuuliza kama maji anayonywa kunguru yanamfikia mama. Maalim alikuwa mtu mpole, asiyependa kujibu haraka. Akasema kumnywesha kiumbe chochote chenye uhai kuna thawabu. Halafu akaongeza kwamba kunguru pia ni katika wale waharibifu ambao dini imeruhusu wauawe. Nilirudi nyumbani na majibu mawili. Ayeyo aliyasikiliza yote akaridhika kabisa. "Basi tutamnywesha na tutamchapa," akasema.

Kuchapa kulinishinda. Nilichukua kombeo, lile la kamba ambalo wachungaji hutumia kurudisha mbuzi, na nilikuwa na shabaha, siwezi kuficha hilo. Lakini kunguru hasahau sura. Niliwapiga wawili watatu, na tangu siku hiyo kila nilipotoka nje walinifuata wakipiga kelele juu ya kichwa changu, kutoka nyumbani mpaka shuleni. Gwaride la asubuhi lilivurugika kwa sababu yangu. Mwalimu wetu alinipa ruhusa ya kusimama chini ya baraza peke yangu wakati wenzangu wakiimba wimbo wa taifa.

Jirani akaja na shauri lake. Alilileta kwa kunong'ona, amelificha ndani ya leso: dawa ya panya. "Nyanya, wachanganyie na nyama. Sisi Mombasa ndivyo tufanyavyo."

Ayeyo alimshukuru, maana alijua shauri limetoka kwa roho nzuri. Kisha akakataa. Alisema paka atakula, mbuzi wa watu atalamba, na tetere atakunywa maji ambayo aliyekula sumu ametumbukiza mdomo. "Hii maji ina jina ya mtoto yangu," akamwambia. "Sumu haiwezi kuingia kwa jina yake."

Baada ya hapo alibadilika. Alikaa kimya siku nyingi, na kwa ayeyo kimya kilikuwa ugonjwa. Alasiri moja nilitoka shule nikamkuta amesimama kando ya hori. Ndani yake kulikuwa na kichwa cha mbuzi, macho yametolewa. Mgungani hakukuwa na kiota hata kimoja kilicho kizima. Ayeyo aliniambia nimsaidie kuligeuza hori, litazame chini, tuliache hivyo. Alisema bora binti yake asipelekewe kitu kuliko kupelekewa uchafu.

Sikupata kumkaidi ayeyo kabla ya hapo. Sijui nguvu zilitoka wapi. Nilikitupa kile kichwa cha mbuzi nje ya ua, nikapanda, nikaketi ndani ya hori na sare yangu ya shule, katika maji yale ya damu, nikashika kingo zote mbili. Nilimwambia kama anataka kuligeuza, atugeuze sote. Nililia kwa sauti. Nilimwambia yeye alikuwa na mama yangu miaka mingi, alimnyonyesha, alimchapa, alimsuka. Mimi nina haya maji tu.

Ayeyo aliinua fimbo. Nilifumba macho. Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu: alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka. Mama yako, akasema, alikuwa anakaa hapohapo. Akaniambia kwamba mama yangu akiwa mdogo kuliko mimi alikuwa akiingia horini na wanambuzi wadogo, akiwakinga wasisukumwe na mbuzi wakubwa, kwa sababu wakubwa walikunywa yote na wadogo wakabaki na kiu. Walimtoa, akarudi. Walimchapa, akarudi. Mwishowe mwenyewe ayeyo alilizungushia hori miiba, akaacha vijitundu vya chini ambavyo mwanambuzi anapita na mkubwa hapiti.

Ghafla akamtazama kunguru aliyekuwa juu ya mgunga. Akanitazama mimi. "Inuka, mbuzi," akaniambia. "Leta panga."

Jamani, kazi ile! Tulikata matawi ya mgunga wenye miiba ya ndoana, ile inayokushika nguo usiachiwe, tukayaburuta mpaka uani, tukayaacha yakauke. Tulijenga boma, ayeyo na mimi, kama linalojengwa nyikani kwa ajili ya wanyama, ila hili lilikuwa na paa. Miiba ilisukwa juu ya hori na pembeni, tawi ndani ya tawi, mpaka jua lilipita kwa vipande vidogo. Matundu tuliyapima kwa gilasi ya chai. Mikono yangu ilichanika yote, na kila usiku jirani aliipaka mafuta ya nazi aliyoletewa kutoka kwao, akimlaumu ayeyo kwa kumtesa mtoto na huku akiuliza kesho tutahitaji matawi mangapi.

Ndege wadogo walijua siku ileile. Walipita kwenye matundu kana kwamba ndio waliotuagiza tuyaweke. Kwezi walirudi baada yao. Lakini tetere walizunguka boma lote wakitembea, wakachungulia, wakaenda zao, maana gilasi ya chai ilikuwa ndogo kwa kifua chao. Ayeyo alilala kifudifudi mchangani, mzee mzima, akatazama kwa usawa wa macho ya tetere. Aliinuka na jibu. Tetere hutembea, basi apewe njia ya kutembea. Tukamjengea kipito cha chini, cha miiba, chenye kona moja katikati. Tetere aliingia akiinamisha kichwa. Kunguru alifika kwenye kona, asione mwisho wake, akarudi nyumanyuma kwa haraka huku miiba inamnyofoa manyoya. Hakuna kunguru aliyejaribu kona ile mara mbili. Nilipiga vigelegele mpaka watu wakadhani kuna harusi.

Nilifikiri tumemaliza. Ayeyo aliniambia nilete sufuria kuukuu iliyopasuka mkono. Akaiweka nyuma ya ua, upande wa machinjio, akaijaza maji. Nilikasirika. Baada ya yote waliyotufanyia?

"Maji sisi hanyimi mtu," akaniambia, kwa Kiswahili, ili na jirani asikie. "Lakini bahali ya kunywa, hiyo mimi nasema."

Nilijaza vyombo viwili tangu siku hiyo, kimoja kwa mapenzi na kingine kwa kununa. Kunguru walilowesha mifupa yao kule nyuma na wakaacha kuja kwenye hori na mgungani, kwa kuwa walikuwa na lao. Mvua zilipokuja mgunga ulijaa viota. Kina mama wa mtaa waliotucheka walianza kupita mmoja mmoja, wakijifanya wamekuja kuomba chumvi, wakikodolea boma macho. Baadaye walikuja bila kisingizio, na ayeyo akanituma nikawajengee. Mimi! Nilikwenda nyumba hadi nyumba na panga langu, nikiwafundisha watu wazima kupima tundu kwa gilasi. Mwalimu wetu alileta darasa zima kuona, na safari hiyo sikusimama chini ya baraza. Nilisimama mbele nikieleza. Mpaka leo nimesoma, nimefanya kazi, nimepewa na vyeti. Hakuna kilichonivimbisha kichwa kama boma lile.

Ayeyo alifariki nikiwa sekondari. Asubuhi ile nilikwenda kwenye hori nikajaza maji ya watu wawili.

Basi baada ya kumaliza chai yangu pale hotelini, nilikwenda kuutafuta ua wetu. Haupo. Kuna vyumba vya kupangisha, na chini wametandaza matofali ya saruji. Mgunga umekatwa. Niliuliza kuhusu hori, na mwenye nyumba, mtu mwungwana sana, akaniambia labda lilitumika kuni. Jirani yetu alirudi Mombasa zamani. Punda wa maji nao wamepungua, kuna mabomba sasa. Nilisimama pale kwenye jua nikitafuta hata harufu ya ubani wa ayeyo, nikapata ya dizeli. Kunguru tu ndio waliokuwa wengi kuliko nilivyowaacha, wamepanga foleni juu ya nyaya za stima. Nisikufiche, iliniuma.

Nikawa narudi kwa miguu, kwa njia za ndani. Katika ua mmoja mlango ulikuwa wazi, na msichana mkubwa, ambaye sura yake si ya mtu ninayemjua, alikuwa akifua. Nyuma yake niliona lundo la miiba mikavu, limesukwa vizuri, na tetere mmoja akiingia kwa kuinamisha kichwa. Ndani hakukuwa na hori bali beseni la plastiki. Nilisogea mlangoni. Nilimsalimia, nikamuuliza kile ni kitu gani.

"Ni boma ya ndege," akasema. "Hapa watu wanafanyaga hivyo tu, tangu zamani."

"Na maji yake ni ya nani?"

"Ya ayeyo yangu. Alifariki mwaka jana."

Nilitaka kumwambia. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, hori, mama, gilasi ya chai, mikono iliyochanika. Badala yake nilimwonyesha kunguru wa kwenye nyaya, nikamuuliza, "Na hawa je, hawakusumbui?"

Alikuwa ameshika shati lenye povu, kwa hiyo alielekeza kwa kidevu tu, nyuma ya ua, kwenye mkebe mkuukuu uliojaa maji.

"Hao," akasema, "yao iko pale."